Tangu Kijenge

Nimevuta tela la farasi miaka mingi, na mpaka leo nikisimama popote, lazima atokee mtu wa kuchungulia dirishani kumtafuta dereva. Mimi nimekaa hapo, usukani ninao mkononi, na bado ananiuliza, "Dereva yuko wapi, mama?" Huwa namjibu vibaya. Nina mdomo, anayenijua anajua. Ndiyo maana nikiwaambia watu kwamba siku moja nilikaa kimya, kimya kibaya, tena mbele ya mtu aliyekuwa anaumia, hakuna anayeniamini.

Kazi yetu ipo kwenye miteremko ya Meru, juu kidogo ya migomba na kahawa za watu. Tuna farasi sita, na wageni wanakuja kuwapanda asubuhi na jioni. Mwenye farasi ni mjane mmoja, sisi tunamwita Mama tu, na muda mwingi anakuwa Dar kwenye shughuli zake. Watunzaji wa kudumu tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja wa Kimeru aliyeanza kushika farasi kabla mimi sijaolewa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinua mguu wa farasi na kusafisha kwato, kumfunga kamba ambayo akivuta kwa hofu inafunguka, na kukagua sakafu ya tela ubao kwa ubao kabla ya safari. Alikuwa mzuri wa kuonyesha, lakini kueleza, hapana. Ukimuuliza "Kwa nini, mzee?" jibu lake lilikuwa moja: "Kwa sababu nimekwambia." Na mimi jibu la namna hiyo linaingia sikio hili linatokea lile.

Halafu alipenda kunitania. Mimi natoka magharibi ya mlima, nyumbani kwetu ni ng'ombe na mahindi, nimekulia nyuma ya mikia. Nikikosea kitu chochote, hata kumwaga maji tu, utamsikia, "Nyie watu wa ng'ombe! Mnaona kila chenye miguu minne ni ng'ombe." Na mimi namrudishia, "Na nyie watu wa ndizi mmejuaje farasi, mliwapanda wapi, mgombani?" Tunacheka, kazi inaendelea. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa, kuna jambo moja la nyumbani kwetu ambalo lazima nilieleze, maana ndilo lililonifikisha hapo. Baba yangu hakuwahi kupeleka mfugo kwenye boma la mtu bila kuuogesha. Awe ng'ombe mmoja wa mahari au kundi zima linakwenda malishoni, kwanza josho. Ukimpelekea mwenzako mnyama mwenye kupe, umemtukana yeye, mke wake na ng'ombe wake wote. Nilimwona baba akirudisha ndama wa shemeji yake getini, wageni wakitazama, kwa sababu ya kupe mmoja sikioni. Hiyo aibu niliikariri nikiwa na miaka saba.

Farasi wetu hatukuwaogesha dawa ya josho. Kupe tuliwatoa kwa mkono, kila asubuhi, masikioni, chini ya mkia, katikati ya mapaja, tunawatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Wiki yangu ya kwanza kabisa mzee aliniambia, "Dawa ya ng'ombe isimguse farasi." Nikamuuliza kwa nini. Mnajua alivyonijibu.

Basi, Alhamisi moja mvua za masika zilikuwa ndiyo zinaishia, nyasi zimefika kiunoni, na kupe walikuwa wa kutisha. Kesho yake tulitakiwa kupeleka farasi wawili Terrat, kwenye boma la rafiki wa Mama, wageni wakawapande kule kwenye tambarare kwa wiki nzima. Wawili hao walikuwa yule mweusi, dume lililohasiwa, na jike mwekundu. Jike mwekundu ndiye mkubwa kwa umri pale kwetu. Ndiye farasi wa kwanza niliyethubutu kumgusa, nikiwa natetemeka, naye akaniwekea kichwa begani akashusha pumzi. Nilimpenda, sifichi. Ninao watoto watatu na siku nyingine yeye ndiye niliyekuwa na hamu ya kumwona kuliko wote.

Nikageuza sikio lake siku hiyo, Mungu wangu! Kupe wamejipanga kama punje za mtama. Na boma tulilokuwa tunakwenda ni la watu wangu. Mzee mwenye boma lile la Terrat nilimjua kwa sifa: mnyama akishuka tu kwenye gari, salamu baadaye, kwanza anageuza sikio. Nilijiona nimesimama pale, watu wa lugha yangu wamenizunguka, mzee ameshika sikio la farasi na ananitazama. Kutoa mmoja mmoja kwa mkono kungetuchukua mpaka giza. Mzee wangu alikuwa ameshuka mjini kununua pumba. Nikaenda kwa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, nikaazima bomba la mgongoni na dawa, nikachanganya kwa jicho kama baba alivyokuwa anachanganya, nikamwogesha jike mwekundu kuanzia masikio mpaka kwato. Nilipogeukia kwa mweusi, bomba likaziba. Nikapuliza, nikagonga, wapi. Nikalirudisha, nikanawa mikono, mweusi nikamtoa kupe kwa vidole mpaka mzee aliporudi na gunia lake la pumba.

Sikumwambia kitu. Sikuwa naficha kosa, maana sikuona kosa. Nilikuwa nakwepa mahubiri tu.

Ijumaa tukafika Terrat salama. Mzee wa boma akageuza sikio la jike, akageuza la pili, akasema kwa Kimaasai kwamba hawa wametunzwa na mtu aliyelelewa. Nilivimba kichwa, jamani. Mzee wangu wa Kimeru hakuelewa, akaniuliza amesema nini, nikamwambia, "Anasema unazeeka vizuri."

Jumamosi asubuhi tukakuta jike mwekundu hajala. Kwa farasi, habari ya kwanza ya asubuhi ni mavi. Ukiingia bandani unatazama chini kabla ya kutazama juu, na chini hapakuwa na kitu. Robota la majani makavu lilikuwa vilevile tulivyoliweka. Mwenyewe amesimama, kichwa kimeshuka, mdomo wa chini umelegea, macho nusu yamefumba. Mzee akaweka sikio ubavuni kwake, akasikiliza upande huu, akazunguka akasikiliza upande ule. Tumbo la farasi mzima linanguruma mchana kutwa. Mzee alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kimya," alisema. "Huku kimya, kule kimya."

Farasi hatapiki. Kilichoingia lazima kipite mpaka mwisho, na kikisimama, tumbo linajaa, na farasi anakufa kwa maumivu. Wote wawili tulilijua hilo. Tukampigia daktari wa mifugo, mama mmoja kijana ambaye kituo chake kipo Tengeru. Akasema gari lake liko kwa fundi, injini iko chini, na vifaa vyake vyote vipo pale kituoni, tumlete mara moja kabla hajaanza kulala na kugaagaa. Akauliza ni nini kimebadilika siku mbili hizi.

"Pumba," mzee akasema. "Nilinunua pumba mpya Alhamisi. Zilikuwa na unyevu kidogo. Nikazianika, nikaona zimekauka."

"Kingine? Chochote?"

Mzee akanitazama, simu ameishika mbele yetu. Nikasema, "Hakuna."

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu hilo "hakuna". Nikisema nilikuwa nimesahau, nadanganya. Nikisema nilikumbuka, nako nadanganya. Kuna kitu kilipiga hodi kichwani, na mimi sikufungua.

Kisha ikabidi kumpigia Mama, Dar. Mzee aliweka sauti ya juu kwa sababu simu yake ukiiweka sikioni haisikiki, kwa hiyo kila mtu pale bomani alisikia. "Mzee," Mama alisema, "miaka yote hii nakuamini, leo unamlisha farasi wangu pumba zilizooza?" Mzee wa watu hakujitetea. Alisema, "Nisamehe, mama," akarudia, "Nisamehe." Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya jike, natazama ardhi.

Kumpandisha kwenye tela ilikuwa kazi. Kwa kawaida jike mwekundu hupanda mwenyewe, unamwekea kamba shingoni na kumfuata nyuma. Siku hiyo miguu ilikuwa inapishana kama ya mlevi. Mzee mbele anamwita, mimi nyuma namsukuma kwa bega, na mweusi zizini analia kuona mwenzake anaondoka. Tulipofunga mlango wa nyuma nilikuwa nimelowa mgongo mzima.

Barabara ya kutoka Terrat mnaijua ilivyo baada ya masika. Nikienda haraka, namrusha farasi mgonjwa huku na huku. Nikienda polepole, muda unakwisha. Nilishika katikati, mikono imekaza usukani mpaka vidole vimekufa ganzi, jicho moja kwenye mashimo na jingine kwenye kioo. Pikapu yetu ni ya milango minne, ina na viti vya nyuma, lakini mzee alikaa kiti cha mbele kushoto kwangu, mahali pake pa siku zote, amegeuza shingo kutazama tela kupitia kioo cha nyuma. Kila tela lilipoyumba alisema, "Pole, mama, pole," na hakuwa anasema na mimi.

"Ni unyevu," alisema. "Niliuhisi kwa mkono. Nikajidanganya."

Sikujibu. Nilijiambia naendesha.

Tukapata lami, tukaingia mjini. Jumamosi, magari yamebanana, bodaboda wanapita kila upenyo. Tulipofika Kijenge, karibu na kipilefti, nikasikia kishindo nyuma, tela likavuta pikapu pembeni, nikajua ameanguka. Nikaingiza gari kando, pale mafundi wanapochomelea mageti, na kuruka nje hata kabla halijatulia vizuri.

Watu wakajaa saa ile ile. "Punda! Oneni punda mkubwa!" Mmoja anataka kupiga picha. "Punda ni wewe na simu yako!" nikamwambia, na wengine wakacheka, na trafiki naye huyo anakuja ananionyesha mkono niondoke. Nikamwacha mzee azungumze naye, nikafungua mlango mdogo wa mbele wa tela, nikaingia.

Hakuwa ameanguka kabisa. Alikuwa amepiga magoti, kifua kimeegemea kizuizi, anatetemeka. Jua la mchana lilikuwa limelipiga bati, humo ndani ni tanuri, na yeye alikuwa anatiririka jasho. Nikainama kumshika kichwa ili nimsaidie kuinuka, uso wangu shingoni mwake, na harufu ikanipiga puani.

Harufu ya josho. Siwezi kuikosea, nimekua nayo, nguo za baba yangu zilinuka hivyo kila wiki. Ilikuwa inapanda kutoka kwenye ngozi yake na jasho. Mzee asingeinusa hata ungemwekea chupa puani, ananusa ugoro miaka yote, pua yake ilishakufa. Lakini mimi niliinusa, na ule mlango niliokuwa nimeukataa ukafunguka wenyewe. Dawa ya ng'ombe isimguse farasi. Mweusi alikula pumba zile zile, gunia lile lile, na tumemwacha Terrat analia kwa nguvu zake zote, mzima. Aliyeogeshwa ni mmoja. Anayekufa ni mmoja.

Nilimwinua, sijui kwa nguvu gani, nikamsogezea kizuizi kimshike vizuri. Nikatoka nje. Nilikuwa nimeshika roho mkononi, na nilikusudia kusema, haki ya Mungu nilikusudia. Mzee alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, trafiki ameshaelewa anatufungulia njia.

"Amesimama?" mzee akauliza.

"Amesimama."

Hilo ndilo nililosema. Nikapanda, nikawasha gari.

Hata mita mia hatujaenda, mzee akatoa simu akampigia mke wake. Aliongea Kimeru. Kimeru changu ni cha sokoni tu, lakini maneno mengine hayana lugha. Nilisikia "farasi". Nilisikia "pumba". Nilisikia "kazi", na upande wa pili mama wa watu anasema kitu kwa sauti ya chini, pole pole, kama anayembembeleza mtoto. Mzee akafuta uso kwa kofia yake. Alipokata simu akanigeukia.

"Nimemwambia akija Mama nitaacha kazi mwenyewe. Nisingoje kufukuzwa. Mtu aliyeua farasi kwa pumba hafai kushika farasi."

"Hajafa, mzee," nikasema.

Hapo pia ningeweza kusema. Nilikuwa nayo maneno manne tu, nimemwogesha dawa ya ng'ombe, hesabuni wenyewe. Nikauchuna. Nilikuwa nawaza Mama atanifukuza, na nani tena atampa mwanamke tela. Nilikuwa nawaza mzee atakavyosema "nyie watu wa ng'ombe", na safari hii hatacheka mtu. Nikajiambia daktari yupo, daktari atampa dawa, farasi atapona, na akipona yote yataisha kimya kimya. Kutoka Kijenge mpaka Tengeru, kwa foleni ile, ni kama dakika arobaini. Nilikaa nazo zote.

Daktari alikuwa anatusubiri getini na ndoo, mpira mrefu na chupa ya mafuta. Akamwamkia mzee shikamoo, akaingia kazini. Tulimshusha jike, akajiburuza mpaka kwenye fremu ya mbao. Daktari akaweka kipimo ubavuni, akasikiliza, akahama, akasikiliza tena. Akafunua mdomo wa farasi akatazama fizi.

"Tumbo limelala kabisa," alisema. "Na mwenyewe amelewa. Pumba hazifanyi hivi kawaida. Yule mwenzake alikula?"

"Alikula," mzee akasema.

"Na ni mzima?"

"Ni mzima. Ana tumbo gumu yule. Kosa ni langu, daktari."

Daktari hakuridhika, nilimwona. Lakini farasi alikuwa ameanza kukunja miguu ya mbele. Akavuta dawa kwenye sindano, akasema atamchoma ya kumtuliza na kuondoa maumivu, halafu ampitishie mpira puani mpaka tumboni. Akasugua shingo kwa pamba. Akabonyeza mshipa kwa kidole gumba, ukavimba.

"Nauliza mara ya mwisho," akasema, hatutazami, anatazama mshipa. "Hakuna dawa yoyote aliyopewa? Ya minyoo, ya kupe, ya kienyeji? Hii sindano haitaki mchezo."

Mzee ndiye aliyejibu. Alinyoosha mkono akaniwekea begani.

"Hakuna, daktari. Farasi huyu anatunzwa na huyu mwanangu. Anamtunza kuliko mtoto. Angempa kitu, angeniambia."

Sindano ilikuwa imeshagusa ngozi.

"Subiri!" Nilipiga kelele mpaka farasi akashtuka. "Subiri, daktari. Nimemwogesha. Dawa ya josho. Alhamisi."

Mkono wa mzee ulibaki begani kwangu kidogo, kisha ukatoka.

Daktari akavuta sindano nyuma taratibu, akaiweka kwenye sinia. Akaniuliza ni dawa gani, nikamtajia. Akafumba macho, akashusha pumzi. "Unajua nilichoshika hapa?" akasema. "Hii na hiyo yako zinafanya kazi moja mwilini. Hiyo yako ndiyo imelilaza tumbo. Ningemchoma hii juu yake, tusingemwamsha tena." Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akanisukumia ndoo. "Sabuni ile pale, maji yale pale. Mwoshe mpaka ngozi isinuke."

Nilimwosha. Nilimwosha kwa mikono yangu, mara tatu, nalia, na maji yananiingia viatuni. Daktari akatafuta kwenye friji yake dawa anayotumia kuamsha mbwa na wanyama wengine waliolazwa kwa sindano, akapata chupa, akapiga simu kwa mwenzake kuuliza kipimo cha farasi, akamchoma hiyo. Akampitishia mpira puani, akamimina mafuta. Kisha hatukuwa na kazi nyingine ila kumtembeza na kusubiri. Nilimtembeza mimi. Mzee alikaa kwenye jiwe karibu na bomba, hakunisaidia na hakunizuia. Kila nilipopita mbele yake alimtazama farasi.

Jua lilikuwa limeanza kulegea kwenye mlima jike mwekundu aliposimama, akainua mkia. Vidonge vitatu vikaanguka, vikavu, vidogo. Jamani, sijawahi kufurahia mavi namna ile. Mzee akanyanyuka kwenye jiwe mbio kama kijana, akapiga goti, akaokota kimoja akakivunja kwa vidole, akatazama ndani. Akaweka sikio ubavuni.

"Linasema," akamwambia daktari. "Njoo usikie, linasema."

Alimwambia daktari. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, kamba mkononi.

Mama nilimpigia mwenyewe, pale pale, sauti ya juu kama asubuhi, nikamweleza kuanzia kupe mpaka sindano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nipe mzee." Akamwomba msamaha mzee, na mzee akaitikia, "Haina neno, mama, haina neno." Mimi akaniambia tutaongea akirudi. Tuliongea kweli, na yalikuwa makali, na niliyastahili. Kazini nilibaki.

Jumatatu tulikwenda Terrat kumchukua mweusi. Tela tupu lina kelele, kila shimo ni kishindo, na tangu tulipotoka kwetu mzee hakuwa amesema lolote zaidi ya marahaba. Nilijaribu utani, ukafia njiani. Tulipofika Kijenge foleni ikatusimamisha karibu na mafundi wa mageti, cheche zinaruka, na mzee akawa anawatazama.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia nilijua pale kwa daktari, ghafla, sindano iliposhikwa. Hakuna mtu duniani angenikatalia. Hata farasi asingesema.

"Hapa," nikamwambia. "Nilipoingia kwenye tela. Nilisikia harufu."

"Hapa Kijenge?"

"Hapa hapa."

Akatikisa kichwa polepole. Magari ya mbele yakaanza kusogea, wa nyuma yangu akapiga honi, nami sikuondoka.

"Kwa hiyo nilipokuwa naongea na mke wangu," mzee akasema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mzee. Nisamehe."

Hakusema haina neno. Alifungua mlango, akashuka na kofia yake, na mimi nikadhani anarudi nyumbani kwake. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akapanda, akakaa kiti cha nyuma yangu.

"Twende," akasema. "Mweusi yuko peke yake."

Jike mwekundu ni mzima mpaka leo, anabeba watoto wa wageni, na kupe wake natoa kwa vidole. Mzee bado tunafanya naye kazi. Nikimwamkia anaitika vizuri, akiwa na kitu cha kunifundisha ananifundisha, na siku hizi ananieleza mpaka sababu. Watu wa ng'ombe hajaniita tena. Na tukishafunga tela, tukishakagua taa na mnyororo, yeye anafungua mlango wa nyuma wa pikapu anapanda. Kiti cha mbele naweka kamba na ndoo.